Mpira Humtafuta Mnyonge: Ligi ya Voliboli ya Vijana Kando ya Barabara ya Kitale

Binti wa jirani yangu hapa Misikhu alicheza mechi tatu za voliboli mwaka mzima. Si kwamba alikuwa mzembe. Alianza mazoezi shule zilipofunguliwa Januari, akawa wa kwanza kufika uwanjani jioni na wa mwisho kuondoka, na raba zake zikatoboka kwenye kidole gumba kabla ya Pasaka. Muhula wa pili ukafika, ule ambao shule zetu za sekondari hucheza voliboli pamoja na soka na netiboli. Timu yake ikashinda mechi mbili za kaunti ndogo, ikapoteza ya tatu, wakapanda basi la shule wakarudi. Basi. Tangu Juni hiyo hadi Juni iliyofuata hakucheza tena mechi ya maana. Kwa mtoto wa miaka 16, mwaka mmoja wa kusubiri ni mrefu kama uchumba wa zamani.

Nimeanza naye kwa sababu kila ninapokaa na wazazi wenzangu wanaouliza voliboli itamsaidia nini mtoto, nakuta tunabishania faida kabla ya kuuliza swali la kwanza: mtoto anacheza mechi ngapi? Mazoezi bila mechi ni kama kunoa jembe lisilofika shambani. Na mfumo wetu wa michezo ya shule, pamoja na mazuri yake yote, ni wa mchujo. Ukishinda, unasonga kutoka kaunti ndogo hadi kaunti, mkoa, taifa, halafu Afrika Mashariki. Ukishindwa, unarudi nyumbani. Kwa hiyo shule zenye jina, kama Namwela kule Sirisia, Kesogon Mixed ya Trans Nzoia, Malava ya Kakamega au Kwanthanze ya Machakos, hucheza mechi nyingi kwa sababu ni hodari, na zinazidi kuwa hodari kwa sababu zinacheza mechi nyingi. Mtoto wa shule ya kutwa iliyo kati ya Misikhu na Kamukuywa hubaki kutazama.

Tazama matokeo ya mfumo huo juu kabisa. Malkia Strikers, timu yetu ya taifa ya wanawake, wametwaa ubingwa wa Afrika mara 10, mara ya mwisho kule Yaoundé mwaka 2023. Barani hatuna haja ya kuinamisha kichwa. Lakini kwenye Olimpiki ya Tokyo, iliyochezwa mwaka 2021, na ile ya Paris ya 2024, dada zetu walicheza mechi 8 na kupoteza zote kwa seti tatu bila. Seti 24, hatukuokota hata moja. Tokyo walikuwa na Luizomar de Moura, kocha Mbrazili mwenye sifa zake, na bado. Wajapani waliotufunga Paris si majitu.  Walichotuzidi ni kuupokea mpira mgumu bila kushtuka, na hicho hakifundishwi katika kambi ya miezi miwili. Hupatikana kwa mechi nyingi ndogo ambazo hakuna mwandishi wa habari aliyezifuata, mtu akiwa na miaka 12, 13, 14.

Timu zetu kubwa ni za waajiri. Kwa wanawake kuna KCB, Pipeline, Magereza na DCI. Kwa wanaume kuna GSU, Equity, Magereza, bandari ya Mombasa. Nazisifu, maana zimewapa vijana wa magharibi mshahara na pensheni. Ila timu hizo zinavuna, hazipandi. Kati ya muhula wa pili wa shule na mlango wa mwajiri Nairobi kuna pori tupu, na hapo ndipo ligi ya klabu za vijana inapohitajika.

Sasa niwaeleze kwa nini nasisitiza voliboli na si mchezo mwingine. Katika soka unaweza kumficha mchezaji dhaifu. Muweke beki ya kulia, mwambie asivuke mstari wa kati, mechi itaisha bila watu kumgundua. Voliboli haina pembe ya kujificha. Wachezaji ni sita, na kila timu inaporudisha sevu kwake wote huzunguka nafasi moja. Aliye mbele wavuni sasa, baada ya muda mfupi yuko nyuma, na kila mmoja atapiga sevu, na kila mmoja, isipokuwa libero, yule mchezaji maalumu wa ulinzi, akimwokoa, atapokea. Timu pinzani ikiwa na macho, ndani ya dakika tano imeshajua nani anatetemeka. Kuanzia hapo mpira humtafuta yeye tu.

Nimeliona hilo kwa karibu kwenye uwanja wa shule moja ya msingi karibu na barabara. Msichana mdogo, mikono myembamba, amesimama nafasi ya tano, nyuma kushoto. Sevu ya kwanza ikamgonga kifuani ikatoka nje. Ya pili aliikwepa. Ya tatu akaipokea kwa vidole badala ya mikono iliyonyooshwa, ikapaa hadi kwenye mkaratusi. Kukhu wake, yaani bibi yake, aliyekuwa ameketi na kikapu cha mboga, akasema kwa sauti kwamba wamtoe mtoto kabla hajaumizwa. Kocha hakumtoa. Aliyefanya jambo la maana ni seta wao, yule anayewainulia washambuliaji mpira, msichana mkubwa kidogo: alisogea hatua mbili nyuma, akamwambia neno, akamshika kiwiko na kukinyoosha. Sevu ya nne ikaja palepale. Mpira ukapanda, si vizuri, lakini ukapanda, seta akaukimbilia, akauinua, wakapata pointi. Walipoteza seti ile. Wiki iliyofuata nilipita nikawakuta wanampigia yule mdogo sevu 50 mfululizo, timu nzima, wakipokezana.

Mchujo hautoi wiki iliyofuata. Ligi inatoa. Katika ligi unajua mpinzani atarudi na anakumbuka udhaifu wako, kwa hiyo aliye bora analazimika kumfundisha aliye nyuma yake, apende asipende. Wazazi wengi huniambia mchezo unafundisha nidhamu. Mimi nakubali nusu. Kuamka mapema hata kazi ya kukamua ng'ombe inafundisha. Lakini kujua kwamba ushindi wako umeshikwa na yule asiyeweza, na kwamba kumfokea hakutamsaidia kupokea sevu ifuatayo, hilo sijaliona likifundishwa mahali pengine vizuri hivi kwa kijana wa miaka 15.

Haya, mnaanzaje?

Kosa la kwanza nililoliona ni kutaka ligi ya nyumbani na ugenini kama ile ya soka kwenye runinga. Timu sita zikicheza hivyo ni mechi 30 na safari zisizoisha, na nauli huua ligi kabla ya mwezi wa pili. Voliboli ina bahati moja: mechi ni fupi. Mechi ya seti mbili kati ya tatu huisha kwa saa moja au pungufu. Kwa hiyo kusanyeni timu tatu uwanja mmoja Jumamosi moja. Kila timu icheze mara mbili, wamalize, wale, warudi. Na hesabu inayokaa sawasawa kabisa ni ya timu saba. Nimeikokotoa mezani kwangu mara kadhaa, na kila mara inanipa raha ile ya kufunga mzigo kwa kamba ikatosha.

Tuseme timu ni Misikhu, Lugulu, Webuye, Kamukuywa, Kimilili, Naitiri na Kiminini. Jumamosi ya kwanza Misikhu inapokea Lugulu na Webuye. Ya pili Kamukuywa inapokea Misikhu na Kimilili. Ya tatu Naitiri inapokea Misikhu na Kiminini. Ya nne Lugulu inapokea Kamukuywa na Naitiri. Ya tano Kimilili inapokea Lugulu na Kiminini. Ya sita Kiminini inapokea Webuye na Kamukuywa. Ya saba Webuye inapokea Kimilili na Naitiri. Hesabu mwenyewe: mechi 21, kila timu imekutana na kila nyingine mara moja tu, kila timu imekuwa mwenyeji mara moja na kusafiri mara mbili. Safari mbili! Hata chama cha akina mama cha kuweka shilingi hamsini hamsini kinaweza kuzibeba. Jumamosi saba zinaingia kwenye likizo ndefu ya mwisho wa mwaka, wakati walio shule za bweni wamerudi nyumbani na mashamba yameshavunwa, na mmemaliza kabla ya shamrashamra za Krismasi. Mkitaka mzunguko wa pili, ugaweni kwenye likizo za Aprili na Agosti, ingawa Aprili mvua itawabishia. Anzeni saa tatu asubuhi ili saa saba mmekwisha. Wenyeji wa huku tunajua mawingu ya mchana yanavyokuja.

Tena katika timu tatu, daima kuna moja iliyopumzika. Hiyo ndiyo itoe refa, washika vibendera na mwandishi wa pointi. Siku za kwanza kutakuwa na kelele. Acheni ziwepo. Kijana aliyewahi kushika filimbi na kuzomewa na wenzake huacha kumfokea refa. Tafuteni mwamuzi mmoja aliyesomea kazi hiyo aje siku ya ufunguzi, awaelekeze, apewe nauli yake na chai. Msimamo uhesabiwe kwa mtindo wa mashindano makubwa: ukishinda bila kupoteza seti pointi 3, ukishinda kwa shida pointi 2, na aliyekupeleka hadi seti ya mwisho apate 1. Hiyo pointi moja ya mshindwa ndiyo huzizuia timu dhaifu kukata tamaa wiki ya tatu.

Uwanja hauhitaji mfadhili. Ni mita 18 kwa 9, mstari wa kati, na mstari wa mashambulizi mita 3 kila upande. Nguzo mbili za mkaratusi zichimbiwe nje kidogo ya mistari ya pembeni. Mistari ichorwe kwa chokaa au majivu. Kikosekanacho mara nyingi ni kipimo cha wavu: nimeona wavu ukilegea katikati kama kamba ya kuanikia nguo, na vijana wanajizoeza uongo. Kata kijiti cha mita 2.24 kwa wasichana na kingine cha mita 2.43 kwa wavulana, viwekwe kwa mwalimu, wavu upimwe katikati kila asubuhi ya mechi. Kwa walio chini ya miaka 14 shusheni wavu hadi karibu mita 2.10 na mfinye uwanja. Mtoto anayeruka kwenye wavu asioufikia hujifunza kuugonga mpira kwa hasira tu.

Pesa zitumike kwenye mipira kabla ya jezi. Mpira mzuri una uzito wa gramu 260 hadi 280 na haumuumizi mtoto mikono. Ule mgumu wa bei rahisi, unaolia kama kibuyu, ndio uliomfanya yule mdogo aukwepe. Timu yenye mipira minne na fulana kuukuu itaishinda timu yenye mpira mmoja na jezi mpya. Na nikizungumzia jezi: mheshimiwa atakuja. Atakuja na jezi zenye jina lake mgongoni na mpira mmoja, atapigwa picha, na ligi itaitwa kwa jina lake hadi kura zihesabiwe. Pokeeni mipira, shukuruni, lakini jina la ligi libaki la kwenu, na ratiba isisogezwe kumsubiri mtu. Nimewahi kuona vijana wakikaa juani kutoka saa nne hadi saa nane wakimngoja mgeni rasmi ambaye hakufika.

Huko Marekani wazazi hulipa maelfu ya dola kwa msimu mmoja ili mtoto achezee klabu ya vijana. Sisi hatuna huo mfuko, wala sioni tunachopoteza kwa kutokuwa nao. Klabu ya kulipia huwachuja watoto kwa mfuko wa baba. Mchango uwe mdogo na uwe sawa kwa wote, na asiyeweza alete kuni au ndizi siku ya kupokea wageni. Mweka hazina aandike kila shilingi kwenye kundi la WhatsApp usiku uleule. Klabu nyingi za vijijini huvunjwa na swali moja lisilojibiwa kuhusu nauli. Mkishatulia msimu mmoja, jisajilini kwa Msajili wa Michezo, kama Sheria ya Michezo ya mwaka 2013 inavyotaka, na mlifahamishe tawi la Shirikisho la Voliboli Kenya. Bila karatasi hiyo ya usajili, mlango wa kaunti na wa ligi za juu utabaki umefungwa.

Umri. Hapa msioneane haya. Kila mchezaji alete nakala ya cheti cha kuzaliwa kabla ya Jumamosi ya kwanza, na timu zote zioneshane. Mijeba, yaani wachezaji waliopita umri, imeharibu mashindano mengi ya vijana katika nchi hii, na anayeumia zaidi si mpinzani, ni mtoto wa miaka 15 aliyekaa benchi akimtazama mtu mwenye ndevu akicheza nafasi yake.

Kuhusu wasichana nitasema wazi, maana najua ndiko wazazi wengi wa hapa wanakokwamia. Baba anakataa binti asafiri kwenda Kiminini, na tukimcheka tunakosea. Hofu yake ina sababu. Mwondoleeni hofu kwa utaratibu. Kila gari liwe na mama mmoja anayejulikana na wazazi. Kocha asimwandikie mchezaji mmoja ujumbe wa faragha. Habari zote ziende kwenye kundi lenye wazazi ndani. Kocha asimbebe msichana peke yake kwenye bodaboda, hata kama ni njia moja. Hakuna kulala ugenini. Timu irudi kabla ya jua kuzama, na ndiyo sababu nyingine ya kuanza saa tatu. Kwenye mkoba wa huduma ya kwanza ziwemo taulo za hedhi, na asiulizwe mtu maswali. Anayetaka kuvaa suruali ya kubana ndefu chini ya kaptura, au kujifunga kichwa, avae. Kocha atakayeona masharti haya yanamdhalilisha, mwacheni aende.

Mwili nao una hesabu yake. Voliboli ni mchezo wa kuruka, na uwanja wetu ni ardhi kavu iliyopigwa na jua, haina huruma na magoti. Siku tatu za mazoezi kwa wiki zinatosha kwa aliye chini ya miaka 16. Vifundo vya miguu huteguka zaidi hapo wavuni, mtu anapotua juu ya mguu wa mpinzani aliyevuka mstari wa kati. Refa mdogo wenu alipigie filimbi kosa hilo kila mara. Mguu ukivimba na mtoto hawezi kuukanyaga, asikandwe na jirani kwa mafuta ya moto, apelekwe hospitali.

Na masomo? Wazazi wengi humwondoa mtoto kwenye timu alama zinaposhuka. Nami nilifanya hivyo kwa kijana wangu mmoja, muhula mzima. Alama hazikupanda. Alichofanya na zile saa mbili za jioni ni kukaa stendi ya bodaboda. Nikamrudisha kwa sharti jingine: aniletee daftari kabla ya mazoezi, nitie sahihi, ndipo aende. Huo ndio ushauri wangu, na ulinigharimu muhula. Isitoshe, mtaala wa sasa umeweka Sanaa na Sayansi ya Michezo kuwa mmojawapo wa mikondo mitatu ya sekondari ya juu, kwa hiyo mtoto mwenye mechi 12 za ligi kwa mwaka, mkicheza mizunguko yote miwili, na karatasi za matokeo zilizohifadhiwa ana cha kuonesha anapotafuta nafasi katika shule yenye timu. Lakini msimwahidi Pipeline wala KCB. Nafasi huko zinahesabika kwa vidole, na mtoto aliyeahidiwa Nairobi hulia mara mbili.

Kalenda ya shule inajulikana, likizo ya mwisho wa mwaka haimshtukizi mtu. Mwalimu mkuu mmoja hapa ameshakubali kutoa uwanja, nguzo zimechimbiwa, na kile kijiti cha mita 2.24 kimeegemezwa nyuma ya mlango wa ofisi yake. Misikhu ipo. Tunatafuta timu sita.